UZI: Mandolini ya Gibson A "kichwa cha nyoka" iliyopakwa rangi upya na kutobolewa: ni halisi? Ilipwe kiasi gani?

NyuziNane

Habari za jamvini wakuu. Kuna mandolini inauzwa Marekani, naomba tuichambue kabla pesa haijatoka. Muuzaji anaiita "Gibson A-4 ya 1924, enzi za Lloyd Loar" (mbunifu wa vyombo wa Gibson) na anataka dola 3,200. Picha na maelezo yake yanaonyesha hivi:

Umbo la pea, tundu la sauti la duaradufu, kichwa kinachokuwa chembamba kuelekea juu. Lebo ndani inaanza na 75, tarakimu tatu za mwisho amezifunika kwa kidole. Kichwani kuna "The Gibson" na ua chini yake, vyote vya ganda la chaza. Rangi ni nyekundu ikififia kuwa njano katikati, inang'aa kama gari jipya. Mashine za kukazia nyuzi ni za kisasa, kishikilia nyuzi cha mkiani ni cha kumimina (si cha bati), kinga ya uso haipo. Mkiani kuna tundu la jeki ya pikapu (kinasa sauti cha umeme), na usoni matundu manne ya skrubu karibu na mwisho wa ubao wa freti.

Maswali: ni Gibson kweli? Ni A-4 kweli, yaani ya daraja la juu kuliko A ya kawaida? Na kwa hali hiyo ina thamani gani?

---

Fundi Msumeno

Mkuu, umeuliza vizuri kwa kutenganisha. Watu wengi huchanganya "ni Gibson" na "ni ile Gibson anayoitaja", na hapo ndipo pesa inapopotelea.

Kwa swali la kwanza, hadithi inaanza vizuri. Kichwa cha nyoka, hicho chembamba juu, kilitumika kwenye A za kiwanda cha Kalamazoo, Michigan, kuanzia kama 1923 hadi 1927 hivi. Kabla yake kichwa kilikuwa kama kafi, kipana juu. Namba za elfu 75 huangukia 1924. Kwa hiyo umbo na namba havigombani.

Lakini lebo ni karatasi. Inabandukika, inachapishwa upya, inahamishwa kutoka chombo kilichovunjika. Omba namba ya pili: namba ya oda ya kiwandani, iliyogongwa kwa wino au kuandikwa kwa penseli kwenye gogo la shingo ndani ya mwili. Namna ya kuipata:

1. Legeza nyuzi mpaka ziweze kusukumwa pembeni. Usizitoe zote kwa mkupuo, maana daraja (kipande kinachobeba nyuzi juu ya uso) halijagundishwa, litahama na alama ya mahali pake itapotea.
2. Ingiza kioo kidogo cha daktari wa meno kupitia tundu la sauti, kikitazama upande wa shingo. Kamera nyembamba ya waya inayochomekwa kwenye simu, ya milimita 5.5, ni bora zaidi.
3. Mwanga uje kutoka pembeni. Ukimulika moja kwa moja, penseli iliyofifia haionekani kabisa.

Namba hii hailingani na ya lebo na haitakiwi kulingana, ni mifumo miwili tofauti. Kinachotakiwa ni kwamba ipo, na kwamba kipindi chake kinakaribiana na cha lebo. Ukikuta gogo limesuguliwa msasa hadi jeupe, simama hapo hapo.

Pia tazama kifuniko kidogo chenye umbo la kengele kichwani, juu ya kidaraja cha nyuzi. Fimbo ya chuma ya kurekebisha shingo ilianza kuwekwa kama 1922. A ya 1924 yenye kichwa cha nyoka inatarajiwa kuwa nayo. Ondoa kifuniko uone nati yenyewe. Kifuniko kitupu ni pambo la dola tano.

---

Chaza la Pwani

Mimi nina shaka na A-4. Jina na ua kichwani ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuongeza baadaye, na ndicho kinachopandisha bei. Usitazame kichwa kwanza, tazama kingo.

A ya kawaida ina utepe mweupe wa seluloidi (plastiki ya zamani) kuzunguka uso na tundu la sauti, basi. Mgongo hauna, ubao wa freti hauna. A-4 ina utepe usoni, mgongoni na kwenye ubao wa freti, na duara za urembo kuzunguka tundu ni nyingi zaidi. Anayeghushi anaweza kuchonga ua kwa siku moja. Kuchimba mfereji mgongo mzima na kuupachika utepe ni kazi ya wiki, ndiyo maana huishia kichwani.

Omba picha nne: ukingo wa mgongo, ubavu wa ubao wa freti, kichwa kwa karibu, na lebo NZIMA. Kwenye lebo hiyo kuna nafasi ya modeli pamoja na namba. Kama kiwanda kiliandika A, hakuna ua litakalokuwa hakimu juu yake.

Na mti wa mgongo hautakusaidia. Katalogi za Gibson zilitaja mepo, lakini A nyingi, za bei ya chini na ya juu, zina mgongo wa birchi usio na michirizi.

---

Mzee wa Mnada

"Enzi za Loar" ni maneno ya kuuzia. Lloyd Loar alifanya kazi Gibson 1919 hadi 1924, na lebo zenye saini yake, kuanzia 1922, ziko kwenye vyombo vya modeli ya 5: mandolini F-5, gitaa L-5 na ndugu zao. Kwenye familia ya A kuna moja tu inayojulikana yenye saini yake, A-5 ya 1923. A nyingine zote za miaka ile zilitoka kiwanda kilekile, kwa mafundi walewale, na ni vyombo vizuri, lakini hakuzisaini. Muuzaji akiweka jina lake kwenye kichwa cha tangazo, wewe soma "1922–1924" halafu endelea.

---

Fundi Msumeno

Sasa rangi, maana ndiyo kesi yenyewe hapa. Kuna hali tatu na bei zake hazifanani hata kidogo:

(a) Rangi ya asili iliyochakaa.
(b) Rangi ya asili ipo, ila mtu kapuliza koti la kung'arisha juu yake.
(c) Rangi imekwanguliwa hadi kwenye mti, ikapigwa mpya.

Ukiangalia picha ya mbele tu, (b) na (c) zinafanana. Tofauti iko kwenye kona.

Fungua kishikilia nyuzi cha mkiani, ni skrubu tatu. Chini yake, chini ya mabati ya mashine za kukazia, na chini ya ncha ya ubao wa freti inayoning'inia juu ya uso ndiko rangi ya kwanza hujificha. A ya kawaida ya wakati ule mara nyingi ilikuwa kahawia. Ukikuta kahawia chini na wekundu juu, jibu limeshapatikana.

Angalia tundu la sauti kwa ndani. Vumbi la bunduki ya rangi huingia humo na kukaa kwenye lebo au kwenye mti wa mgongo mkabala na tundu. Kiwanda hakikuacha vumbi hilo juu ya lebo yake.

Pitisha kidole kwenye ukingo. Msasa hula mti laini wa sprusi haraka kuliko seluloidi, kwa hiyo utepe unabaki umeinuka kidogo, au fundi anausugua nao na unakuwa mwembamba sehemu moja na mnene nyingine. Kona za kichwa zikiwa za mviringo kama sabuni iliyotumika, msasa umepita.

Hatari ya msasa ni zaidi ya sura. Uso umechongwa: katikati unakaribia milimita 5, na kwenye bonde karibu na ukingo unakuwa kama 3. Bonde hilo ndilo bawaba inayouacha uso ucheze. Ukiondoa nusu milimita pale, chombo hupata sauti ya juujuu siku za mwanzo, kisha uso unaanza kuzama. Fundi mwenye kipimo cha sumaku anaweza kupima unene bila kufungua chochote. Omba vipimo vya sehemu sita hivi.

---

Taa ya Zambarau

Naongezea kwa Msumeno: tochi ya urujuanimno. Zile za kukagulia noti nyingi ni nanomita 395 na zinamwaga mwanga wa zambarau unaoficha kila kitu. Tafuta ya 365. Chumba kiwe giza.

Shelaki ya zamani, ambayo ndiyo asili ya vanishi ya A hizi, hung'aa rangi ya chungwa. Laka ya nitro iliyozeeka huelekea kijani-njano. Koti za kisasa za poliyurethani aghalabu huonekana kama maziwa yenye ubuluu, au hazing'ai. Unachotafuta ni MIPAKA: sehemu moja ya chungwa na jirani yake bila mng'ao maana yake kuna kazi imefanyika katikati. Matundu yaliyozibwa na gundi za kisasa mara nyingi huonekana kama madoa meupe.

Ukiona chungwa kila mahali kwa kufifia, chini ya mng'ao mwingine, na nyufa ndogondogo za zamani zinaonekana *ndani* ya koti, hiyo ni (b). Kuna matumaini.

Onyo: usijaribu kwa asetoni. Asetoni inayeyusha seluloidi ya utepe kwa sekunde chache. Jaribio la pombe linatosha: pamba ya sikioni, tone moja, chini ya kishikilia nyuzi, kwa ruhusa ya mwenye mali. Shelaki itanata. Poliyurethani itakucheka.

---

Kijana wa Studio

Swali wakuu: kama ni (b) au (c), si fundi mzuri anaweza kuirudisha kwenye kahawia ya asili na thamani ikarudi?

---

Fundi Msumeno

(b) inawezekana kwa fundi wa vyombo vya zamani tu, maana anaondoa koti la juu bila kugusa la chini, na shelaki ndiyo laini kuliko lililo juu yake. Anakwangua kwa wembe kidogo kidogo, halowanishi kitu. Gharama inaweza kuzidi faida kwa A ya kawaida.

(c) hapana. Rangi mpya iliyoigwa vizuri bado ni rangi mpya, na umeongeza msasa mwingine juu ya msasa. Iache ilivyo.

---

Mzee wa Mnada

Kijana, sokoni kanuni inayotumiwa na wauzaji wengi wa vyombo vya zamani ni kwamba kupakwa upya, hata kwa ustadi, kunakata karibu nusu ya bei. Kila fundi anayekwambia "nimeiboresha" amekata nusu hiyo.

Usije na hoja ya mandolini ya Bill Monroe, yule mpigaji mashuhuri, maana najua itakuja.

---

Kijana wa Studio

Ilikuwa inakuja kweli 😄. F-5 yake, namba 73987, iliyosainiwa na Loar tarehe 9 Julai 1923. Alilichimbua jina la Gibson kichwani kwa hasira, akakwangua rangi, na 1985 mtu aliivunja nyumbani kwake. Charlie Derrington wa Gibson akaiunganisha kipande kwa kipande. Leo iko makumbusho ya Country Music Hall of Fame, Nashville. Hiyo haikushuka bei.

---

Mzee wa Mnada

Haikushuka kwa sababu kila kovu lina mwenyewe na lina ushahidi. Thamani pale ni ya mtu. Matundu manne ya pikapu kwenye A isiyojulikana ilipigwa na nani ni matundu manne. Hadithi ya mdomo ya muuzaji, "ilipigwa na bendi mashuhuri", bila picha ya zamani inayoonyesha mistari ileile ya mti usoni, ipe sifuri. Mistari ya sprusi ni kama alama za vidole, hailingani kwa vyombo viwili. Ushahidi wa namna hiyo unapatikana, kwa hiyo mtu akidai, aulete.

---

Chaza la Pwani

Tuseme kidogo kuhusu vipuri, maana hapo pana pesa ndogo ndogo zinazojumlika.

Kinga ya uso ya wakati ule imeinuliwa juu ya uso na kushikwa na kibano ubavuni. Kinga yenyewe huwa na tarehe ya hataza (haki ya uvumbuzi) ya Machi 30, 1909, kibano Julai 4, 1911. Daraja la kupandisha na kushusha kwa magurudumu lina hataza ya Januari 18, 1921. Likikosekana, na ukakuta daraja la zamani zaidi au la juzi, ujue limebadilishwa. Kishikilia nyuzi cha asili ni cha bati jembamba chenye kifuniko kilichogongwa "The Gibson". Hiki cha kumimina kinashika nyuzi vizuri zaidi, si kibaya, ila muulize muuzaji kama la zamani lipo sandukuni. Mara nyingi lipo na hakutaja kwa sababu hajui kwamba ni pesa.

Mashine: cha kujua ni kama mashimo ya shafti yalipanuliwa. Mabati ya kisasa hutaka shafti ziachane milimita 23, na za zamani hazilingani daima, kwa hiyo watu hupitisha drili. Toa skrubu za bati moja, tazama mti. Shimo la mviringo safi ni salama, shimo lenye umbo la yai limepanuliwa. Kama halikupanuliwa, mabadiliko yanarudishika na hayana uzito mkubwa.

Ukibahatika kupata kinga ya asili, usiifungie sandukuni pamoja na chombo. Seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi, na mvuke huo unakula mabati ya mashine na freti. Ifungwe kwa karatasi, ikae mahali penye hewa.

---

Fundi Msumeno

Kabla ya bei, hali ya mwili. A zenye tundu la duaradufu zina boriti MOJA tu ya kukingama, chini kidogo ya tundu. Gundi ikiachia, uso unazama. Dalili: daraja limepandishwa magurudumu hadi mwisho na bado nyuzi ziko chini. Laza rula iliyonyooka kukatiza uso karibu na daraja, linganisha upande wa nyuzi nene na wa nyembamba. Kisha pima tena nyuzi zikiwa zimelegezwa. Uso unaoinuka sana zikilegea hauna anayeushikilia.

Kwa ndani, pitisha kipande cha karatasi nyembamba kati ya boriti na uso, urefu wote. Ikiingia mahali popote, imeachia. Kazi ya kuirudisha inafanyika kupitia tundu la sauti kwa gundi ya ngozi na jeki ndogo. Asikubali mtu kuweka gundi ya epoksi. Safari ijayo haitafunguka bila kuvunja.

Tundu la jeki mkiani lina kipenyo cha kama milimita 12. Kagua gogo la mkiani kwa ndani, ufa ukianzia pale unafuata mshipa wa mti hadi kwenye kiungo cha mbavu.

---

NyuziNane

Asanteni sana wakuu. Muuzaji ametuma picha mpya, naandika kwa ufupi:

Lebo nzima inaonekana, modeli ni "A". Namba ya penseli kwenye gogo la shingo ipo. Mgongo na ubao wa freti havina utepe. Chini ya kishikilia nyuzi kuna kahawia kwenye pembe mbili tu, katikati ni mti mweupe uliopigwa wekundu. Kuna vumbi jekundu kwenye lebo. Nati ya fimbo ipo. Mashimo ya shafti, mawili yana umbo la yai. Karatasi inaingia chini ya boriti kama sentimita 3 upande wa nyuzi nene. Kishikilia cha zamani na kifuniko chake vipo.

---

Chaza la Pwani

Basi. Gibson A ya kawaida ya 1924, halisi mwilini, iliyovishwa urembo wa kichwa cha A-4. Ua limeongezwa.

---

Mzee wa Mnada

Na ni (c), maana kahawia iliyobaki pembeni tu ndipo msasa haukufika.

Hesabu yangu, na tarakimu ni za mfano, wewe weka za soko la mwezi huu. Chukua bei zilizo*lipwa*, siyo zilizo*ombwa*, kwa A ya kawaida yenye kichwa cha nyoka ikiwa asili. Siyo A-4! Hapo ndipo muuzaji alipokuvuta. Tuseme 2,500.

Kupakwa upya: nusu, inabaki 1,250.
Ua la kughushi na mashimo mawili: toa kama asilimia 10, inabaki 1,125.
Tundu la jeki na matundu ya skrubu: hapa watu hukosea kwa kukata tena vilevile kama wangekata chombo safi. Anayetaka usafi ameshaondoka kwenye rangi. Aliyebaki ni mpigaji, na mpigaji jeki haimuudhi. Toa 50 tu.
Boriti: gharama nzima ya fundi, mfano 250.
Kinga na mashine za wakati ule: nusu ya bei yake, mfano 100, kwa kuwa si lazima uzinunue.

Unafika 725. Kishikilia cha asili kurudi nacho, ongeza kidogo. Ofa yangu ingeanza 650 na kuishia 800. Kwa 3,200 unapata A safi na sanduku lake na chenji.

---

Taa ya Zambarau

Mzee, 650 si kumtukana mtu? Anaamini ana A-4.

---

Mzee wa Mnada

Mtumie picha ya lebo yake mwenyewe, duara jekundu kwenye neno "A", na picha ya ukingo wa mgongo. Usimwambie ameghushi, huenda naye kauziwa hivyo. Mwambie unanunua kilichoandikwa na kiwanda.

---

Fundi Msumeno

Mkikubaliana, mambo mawili. Nyuzi ziwe nyepesi, seti ya 10-14-24-38. Ile ya 11-40 iache kwa uso uliopigwa msasa. Na boriti ishughulikiwe huko huko kabla ya kusafirishwa. Kama chombo kinakuja Dar au Mombasa, unyevu wa pwani utailegeza gundi ya ngozi iliyoanza kuachia, na sentimita 3 zitakuwa 8. Wakati wa kufunga, nyuzi zilegezwe sauti mbili hivi, sponji iwekwe chini ya nyuzi pande zote mbili za daraja, na kichwa kisiguse ukuta wa sanduku.

---

NyuziNane

Nimemtumia ofa ya 650 pamoja na zile picha mbili. Amejibu anataka 1,900. Naachana nayo mpaka apungue chini ya 800.